Jiwe Jeupe Chini ya Siti ya Shangazi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani kubwa kama sinia, na keki yenye jina langu lililokosewa herufi mbili. Nashukuru kwa vyote. Saa inafanya kazi vizuri mno. Baba Tuli ameitundika sebuleni na inanikumbusha kila dakika kwamba sina pa kuwahi. Halafu mkaniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa mambo niliyojifunza barabarani, muubandike pale yadi karibu na ratiba ya magari. Wanangu, nimejaribu. Ukurasa mmoja haukutosha. Basi someni mkiwa mmekaa chini, gari limezimwa, na simu zenu ziwe mfukoni.

Vyeo sitaviandika, kwa sababu dereva hana cheo, ana gari. Mshahara nao mnaujua, hauhitaji kuandikwa na mtu mzima.

Nilifika Kilolo nikiwa binti wa Tukuyu, leseni mpya, koti la kuazima. Baridi ya kule ilinishika masikio hata kabla sijashusha begi. Dereva mkubwa wa kituo alikuwa Mzee Mgaya, Mhehe mrefu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, hata mvua ikinyesha. Alinitazama toka kichwani mpaka viatuni. Nikajua anachowaza, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anakiwaza: mwanamke, na gari, na milima hii? Lakini hakusema. Aliniamkia kwa Kihehe, "Kamwene," nikaitikia vibaya, akacheka kidogo, akanipa kipande cha gogo.

"Funguo baadaye," alisema. "Kwanza hii."

Ilikuwa kabari ya mkaratusi, imechongwa upande mmoja, nyeusi kwa grisi. Ilitobolewa tundu, na kwenye tundu kulikuwa na kamba ya pima mbili iliyofungwa kwenye bampa ya nyuma. Nami kwa ujuaji wa ujana nikamwambia gari si lina hendibreki?

"Lina," akasema. "Na mimi nina meno. Lakini mfupa siuachii meno peke yake." Kisha akanionyesha: unasimama mlimani, unashuka, unaweka kabari nyuma ya tairi. Ukiondoka, hata ukisahau, kamba inaivuta kabari inakufuata. "Dereva anayetega jiwe la barabarani ataliacha barabarani. Siyo kwamba ni mbaya. Ana haraka tu. Na anayekuja nyuma yake hajui kuna jiwe."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kama mngetaka ukurasa mmoja, ningeishia hapo.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya zamani, ya kijani, siti tatu mbele na benchi mbili nyuma, ndilo la kliniki ya mkoba. Vijijini waliliita Shangazi, kwa sababu lilifika na vifurushi, lilinuka mafuta ya taa ya friji ya chanjo, na haliondoki bila kusukumwa. Asubuhi za mwezi wa sita lilikuwa haliwaki kwa funguo. Unachomeka hendeli mbele, unazungusha, na kidole gumba unakiweka upande mmoja na vidole vingine, la sivyo hendeli ikirudi nyuma unakuwa na vidole tisa. Mzee Mgaya alinifundisha kusikiliza. Plagi ikichafuka, Shangazi alikohoa. Rejeta ikivuja, alinuka kabla hajachemka. Nilimsikiliza mpaka nikawa namsikia usingizini, na Baba Tuli, tulipooana, alisema ameoa wanawake wawili na mmoja anatumia petroli.

Spea tulizifuata Iringa mjini kwa Mzee Pravin, ambaye duka lake lilikuwa jembamba kama korido. Hukumwambia jina la spea. Ulimwigizia mlio. Ukisema "kwirrr, halafu tak," anafumba macho, anapanda ngazi, anashuka na kitu kimefungwa kwenye gazeti, na ndicho. Siku moja nilimwigizia mlio akatikisa kichwa akasema, "Mama, hiyo siyo gari, hiyo ni dereva anakanyaga klachi ovyo." Sikurudi kwake wiki tatu kwa hasira. Lakini klachi niliacha kuikanyaga ovyo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana naona nazunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kugeuzia.

Ilikuwa masika, nimeshamzaa Tuli, nimeshazoea kazi. Hapo ndipo dereva huwa hatari, akizoea. Asubuhi ile kamba ya kufungia godoro la wagonjwa ilikatika, nikaifungua ile ya kabari nikaitumia. Kabari nikaiweka ukutani nikisema nitaichukua nikitoka. Sikuichukua.

Tuliitwa kwenye zahanati moja ya bondeni: mama ana siku ya pili ya uchungu na mtoto amekaa vibaya. Pale zahanati ni mteremko, na zahanati zetu mnazijua, njia ya mlangoni imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nikang'oa moja jeupe, la ukubwa wa kichwa cha mtoto, nikategea tairi. Tulipompakia mgonjwa nikalitupa garini, nikasema litanifaa njiani.

Lilinifaa. Tumepanda mlima karibu kuimaliza kona ya mwisho kabla ya Dabaga, tairi la nyuma likapasuka. Nikashuka, nikatega jiwe jeupe, nikapiga jeki, nikafungua nati, nikafunga tairi la akiba kwenye matope huku mgonjwa analia. Halafu akanyamaza. Walio na uzoefu wa kazi hii wanajua, kelele haitishi kama kimya. Nesi akatoa kichwa dirishani: "Mama Tuli, twende! Acha kila kitu, twende!"

Nikaacha kila kitu. Jeki niliishusha nikairusha ndani, nikaondoa gari. Jiwe nililikumbuka napandisha mlima wa Ipogolo kuingia Iringa mjini, mbali kabisa, na mgonjwa bado mgongoni. Nikasema moyoni, kesho nitalitoa.

Mama yule alipasuliwa, akapona, yeye na binti yake. Leo yule binti ana mtoto wake, na tukikutana sokoni ananibebea kapu. Hilo siliombei msamaha.

Kesho yake asubuhi nikarudi kwenye kona. Mbao zilikuwa zimetapakaa barabarani na gurudumu la mbele la baiskeli limekunjika kama chapati. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwenye kibanda hapo jirani, anaziokota mbao anazipanga pembeni.

"Kuna kijana kaanguka jana jioni, mwanangu," aliniambia. "Anaitwa Niko, mtoto wa mzee wa kanisa. Anashusha mbao za baba yake na baiskeli. Mguu umevunjika hapa," akajishika chini ya goti. "Tulimkuta amezimia. Maji hatukuwa nayo, tukammwagia ulanzi kichwani azinduke."

"Aligonga nini?"

"Nani ajuaye? Sisi tulimkuta chini."

Mimi nilijua. Jiwe lilikuwa mtaroni, chokaa yake imekwanguliwa, na pale palipokwanguliwa pana alama nyeusi ya mpira wa tairi. Yule mama alipoinama kuokota ubao mwingine nililichukua, nikalifunga kwenye kitenge, nikaliweka chini ya siti ya abiria. Nikaangalia mbele na nyuma kama mwizi. Na kweli nilikuwa mwizi.

Siku chache baadaye habari zikafika kituoni. Mzee wa kanisa alikwenda kumchukua mwanawe, akamkuta ananuka ulanzi kichwa kizima. Yule mama akamweleza kwamba walimmwagia, lakini muuza pombe ni shahidi wa nani mbele ya mzee wa kanisa? Kijana mwenyewe aligonga kichwa, hakukumbuka lolote. Ikawa amelewa. Ikasemwa kanisani, ikasemwa kilabuni, kila mahali. Baba mtu akaacha kusema naye. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Huyu alivunjika guu ndipo akafukuzwa zizini. Mguu ulipounga, ukaunga upande, akaenda zake Mbeya.

Nami nilikuwa na maneno mawili ambayo yangemsafisha. Jiwe ni langu. Ulanzi ulikuwa wa kumzindua. Maneno mawili tu, na baba yake alikuwa anakaa mwendo wa saa moja kutoka yadi. Nilinyamaza.

Nilijiambia mambo mengi, nawaandikia yote msije mkayatumia. Nilikuwa dereva mwanamke peke yangu, na kulikuwa na watu waliokuwa wanasubiri nikosee ili waseme, si tulisema? Nilikuwa na mtoto mdogo. Nilikuwa nimeokoa watu wawili siku ile. Na siku zile mbaya zaidi, nisameheni, nilijiambia pengine kweli alikuwa amelewa. Ona mtu anavyoweza kuwa. Jiwe liko chini ya siti, na mimi naomba kijana wa watu awe mlevi.

Mzee Mgaya alilikuta jiwe akitafuta jeki. Alifungua kitenge, akalitazama lile doa jeusi, akalifunga tena vilevile. Alikuwa anajua zahanati zote na kona zote, hakuhitaji kuambiwa wala kuuliza. Kesho yake alikuja na kabari mpya na kamba mpya, akaifunga mwenyewe kwenye bampa, akaivuta mara tatu.

"Jiwe hilo lina mwenyewe," alisema bila kuniangalia. "Siku moja umpelekee."

Nikamwambia ndiyo mzee. Alistaafu nikiwa sijampelekea. Akafariki nikiwa sijampelekea, na kwenye mazishi yake nililia mpaka watu wakadhani nilikuwa mwanawe. Walinipa pole nyingi ambazo sikuzistahili.

Magari mapya yalikuja, meupe, yenye redio. Shangazi akasukumwa nyuma ya stoo, kuku wakawa wanatagia ndani, na mwisho akapigwa mnada. Nilimnunua mimi. Watu walicheka. "Mama Tuli anunua bati," walisema. Niliwaacha wacheke. Ilinichukua miaka kumfufua, leo breki, mwaka kesho klachi, watoto wa Mzee Pravin wakinitafutia spea kwenye maboksi ya marehemu baba yao. Siku alipowaka kwa hendeli mara ya kwanza nilikaa kwenye matope nikacheka peke yangu kama mwehu. Jiwe lilikuwa bado chini ya siti. Mara ngapi nilitaka kulitupa mtoni, Mungu anajua.

Basi nikastaafu, mkanipa saa. Miezi mitatu ya kwanza nilikaa nyumbani nikavimba miguu, presha ikapanda, nikawa nagombana na Baba Tuli kuhusu chumvi. Daktari akasema nipumzike. Nikamwambia, daktari, nimepumzika, ndiyo maana nakufa. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Shangazi, nikamtia maji, nikampima oili. Nikamwambia mume wangu achukue sweta.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza. Yeye ni mwalimu mstaafu, anapenda kujua ratiba.

"Mbele," nikasema.

Wanangu, miaka yote niliendesha nikiwahi. Sijawahi kuiona barabara ya Iringa kwenda Mbeya mpaka nilipoiendesha bila mgonjwa nyuma. Shangazi hapendi kukimbia, kila basi linatupita na kila lori linatupigia honi, na sisi tunapunga mkono kama wafalme. Mafinga tunakunywa chai na maandazi. Makambako upepo unamnyang'anya Baba Tuli kofia, kila safari, na kila safari anashangaa. Tukishuka Igawa joto linatupokea tunavua masweta, na hapo lazima tusimame ng'ombe wavuke. Mchungaji mmoja wa Kisukuma, kofia kichwani na simu shingoni, alimzunguka Shangazi mara mbili, akampapasa bodi kama anayenunua dume, akaniuliza kama nitakubali maksai. Nikamwambia maksai hawana hendeli. Akacheka, akasema wa kwake wanayo, ni mkia. Chimala tunanunua mchele. Halafu mlima wa Inyala, gia ya pili, polepole, na hewa ya baridi inarudi. Presha yangu ilishuka. Nililala usingizi wa mtoto kwenye nyumba za wageni ambazo hata jina sizikumbuki. Kama mnaulizana kustaafu kunaliwaje, kunaliwa hivyo: dirisha wazi, mume anamenya chungwa, na wewe ndiye unayeamua pa kusimama.

Nilikuwa nasimama sana kwenye milima. Madereva wa malori bado wanatega mawe na kuyaacha. Nashuka, nayatoa moja moja naweka mtaroni, napanda tena. Baba Tuli alidhani ni mchezo wa uzeeni, wengine wanafuga sungura, mke wake anaokota mawe.

Na Uyole je? Mnaijua njia panda ya Uyole. Ukinyoosha unaingia Mbeya mjini, ukikata kushoto unakwenda Tukuyu, kwetu. Nilikuwa nimeshaambiwa miaka mingi kwamba Niko ni fundi baiskeli pale Uyole, mbele kidogo ya njia panda, kibanda chake kina magurudumu yamening'inizwa. Safari ya kwanza nilifika njia panda, nikakata kushoto. Nikasema nimsalimie kwanza dada yangu. Safari ya pili nikakata kushoto. Safari ya tatu nilikuwa nimeapa, na indiketa sikuwasha, lakini mikono yenyewe ikazungusha usukani.

Safari ya nne, tukiwa Igawa tunasubiri ng'ombe, Baba Tuli aliangusha chungwa likabingirika chini ya siti. Akapeleka mkono, akatoka na kitenge.

"Hii ni nini, Mama Tuli? Dawa?" Nikaona amekunja uso kweli. Mwalimu mzima alidhani nimekwenda kwa mganga.

Nikamwambia. Ng'ombe walikuwa wengi siku ile, nashukuru, nilipata nafasi ya kumaliza. Hakunikatiza. Alilishika jiwe mapajani, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Kwa hiyo safari zote hizi nimekalia dhambi yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na dada yako Tukuyu, unampenda kiasi hicho, au ni kisingizio?"

Nikajikuta nacheka na machozi yanatoka. Yeye hakucheka. Alisema, "Leo ukikata kushoto, mimi nashuka pale njia panda narudi na basi." Na mume wangu hapandi mabasi, yanamtapisha. Nikajua hatanii.

Sikukata kushoto.

Niko alikuwa anapanga spoku. Mtu mzima, nywele zimeingia mvi pembeni, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki. "Karibu mama," akasema, akaangalia kama nina baiskeli. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu Chimala, yote yakanitoroka. Niliweka jiwe juu ya benchi lake, katikati ya spana.

"Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa kliniki kule Kilolo," nikasema. "Jiwe hili nililiacha mimi kwenye kona ya Dabaga. Ndilo ulilogonga. Nililikuta kesho yake nikalificha."

Aligusa lile doa jeusi kwa kidole gumba. Ni fundi baiskeli, alama ya tairi hahitaji kuelezwa.

"Mimi sikumbuki, mama," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nakumbuka nafunga mbao. Halafu nakumbuka hospitali. Watu wote walisema nililewa. Baba yangu alisema. Mimi nilikuwa nimeahidi kanisani sinywi, lakini sikumbuki, sasa ningebisha vipi? Nikakubali. Nikasema basi, kumbe mimi ni mtu wa namna hiyo." Akainua macho. "Kwa hiyo sikulewa?"

Hapo, wanangu, ndipo nilipojua nilichokiiba. Nilidhani ni mguu.

"Ulanzi walikumwagia kichwani uzinduke," nikasema. "Aliyekumwagia aliniambia kwa kinywa chake. Kabla ya hapo sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini kwa jiwe lile, kwenye kona ile, angeanguka hata askofu."

Alicheka, mara moja, kama kikohozi. Kisha akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Baba Tuli alitoka nje. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu kuondoka nilikuwa nimeshaondoka mara moja.

Aliponigeukia tena, usoni kulikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. "Unapita hapa tangu lini?"

"Tangu nistaafu. Mara tatu nimekata kushoto."

"Baba amekufa, unajua? Sikwenda kuzika. Ningekwenda na sura gani?" Akalisukuma jiwe kuelekea kwangu. "Pole yako siitaki, mama. Mama yangu yupo hai. Nipeleke, ukamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Tuliondoka kesho yake alfajiri. Baba Tuli alimpisha siti ya mbele, akakaa nyuma kwenye benchi na gunia la mchele, akalalamika mgongo mpaka Makambako. Niko alikaa na jiwe miguuni, mguu wake mbovu umenyooka kuelekea mlangoni. Mpaka Igurusi hakunisemesha. Igawa aliniuliza gari ni la mwaka gani. Mafinga alikula maandazi manne. Tulipofika ile kona ya Dabaga akaniomba nisimame. Nikatega kabari. Alishuka, akatazama juu, akatazama chini, akatembea kidogo na kuchechemea kwake.

"Ni hapa tu?" alisema. "Mimi nilidhani ni kona kubwa."

Mama yake tulimkuta anaanika maharage uani, mwembamba, mgongo umeinama. Alimtambua mwanawe kwa mwendo, mwendo wa mguu ambao alikuwa hajauona miaka yote ile. Hakukimbia. Aliacha ungo, akasimama. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga goti pale pale kwenye maharage, nikamweleza. Jiwe, kona, ulanzi, kunyamaza kwangu. Sikupunguza.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Baba yake alikufa anamwita mlevi."

"Ndiyo, mama."

"Basi inuka. Mimi umeniambia. Na yeye kamwambie."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mipichi. Nililibeba jiwe mwenyewe. Nilisimama pale, nikasafisha koo, nikaanza, "Mzee, shikamoo. Mimi ni dereva wa..."

"Kihehe," mama akanikatiza. "Kiswahili cha maneno mazito hakuwa anakisikia vizuri."

Kihehe changu ni cha sokoni: kusalimia, kuuliza bei, na kumfukuza mtu barabarani. Ndipo Niko akaja ubavuni kwangu, akawa ananinong'oneza neno moja moja, nami nalitamka kwa sauti. Kwamba mimi ni dereva. Kwamba jiwe hili nililiacha mimi. Kwamba ulanzi ulimwagwa, haukunywewa. Kwamba aliyemwangusha mwanao ni mimi. Tukafika kwenye lile la mwisho, kwamba mwanao hakukuaibisha, na Niko akashindwa kulitoa. Alifungua mdomo, ikatoka hewa tu. Mama yake ndiye aliyelisema, kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye shambani, nami nikalifuata nyuma yake.

Jiwe nililiweka kichwani mwa kaburi. Chokaa yake imebaki kidogo.

Tulikula wali na maharage. Niko alibaki, alisema atakaa mpaka mavuno. Nilipomuaga, mama yake alitusindikiza mpaka kwenye gari, pale mteremkoni nilipoliegesha. Nikatoa kabari, nikapanda, nikawasha. Alinyanyua mkono nisiondoke. Akazunguka nyuma ya Shangazi polepole na mgongo wake ule, akainama, akaangalia tairi moja, akaangalia la pili, akaivuta ile kamba ya kabari. Kisha akaja mpaka dirishani kwangu.

"Haya nenda, mwanangu," alisema. "Hukuacha kitu."